Baiskeli ya Milimani: Yenye Mota au ya Nguvu za Miguu?

Mazungumzo yaliyotolewa mjini Naivasha mbele ya wanunuzi na waendesha baiskeli



Mazungumzo ya ofisi yetu kwa kawaida huhusu mizani za mabuchari, mifuko ya unga iliyopungua uzito na simu za bandia. Leo tumeombwa kuzungumzia baiskeli, na tena si ile ya kubebea maziwa na mikate, bali baiskeli ya milimani, ya kupandia vijia vya msitu na kushukia mawe. Huenda yupo atakayesema kwamba hiyo ni anasa, na kwamba ofisi ya umma ina mambo mazito zaidi ya kushughulikia. Nasi tulikuwa na fikira hiyo mpaka malalamiko yalipoanza kutufikia, kwa sababu fedha zinazopotea katika jambo hili si haba, na wanaozipoteza si matajiri wote.

Tuanze na mmoja wao. Mwalimu mstaafu alifika ofisini kwetu akiwa na karatasi mbili ndani ya bahasha. Alikuwa ametoa sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua baiskeli ya milimani yenye mota, iliyotumika, iliyoletwa kutoka Ulaya. Daktari alikuwa amemshauri afanye mazoezi, magoti yake hayakupenda milima, na muuzaji alimhakikishia kwamba mota ingemaliza ubishi kati ya magoti na milima. Aliendesha mara nne. Mara ya tano mota ikazimika katikati ya kilima, na kioo kidogo kwenye usukani kikaonyesha namba ya hitilafu. Muuzaji akamwambia ampelekee fundi. Fundi, mtu mwaminifu, akamwambia kwamba cheni na breki angeziweza, lakini mota ile haifunguliwi kwa spana. Inataka programu ya kompyuta ambayo mtengenezaji huwapa mawakala wake tu. Tulipoomba risiti tuliona maneno mawili: "baiskeli moja". Haikutaja mota, betri, umri wala dhamana. Shauri lake halijamalizika hadi leo, na baiskeli imeegemea ukuta wa chumba cha watoto.

Hatukumchagua mwalimu huyu ili tuwatishe. Tumemchagua kwa kuwa sababu yake ya kununua ilikuwa njema kabisa, na chombo alichokitaka kingeweza kumfaa. Kilichokosekana ni maswali manne au matano kabla ya kutoa fedha.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Baiskeli ya milimani ilizaliwa California katika miaka ya 1970, vijana walipochukua baiskeli kuukuu zenye tairi nene na kushuka nazo katika vijia vya Mlima Tamalpais. Tangu hapo imepata fremu imara, gia nyingi, breki za diski na shokapu mbele, mara nyingi na nyuma pia. Baiskeli inayosaidiwa na mota ilikuja kwa njia nyingine: kampuni ya Yamaha ya Japani iliuza ya kwanza mwaka 1993, nayo ilikuwa ya mjini. Mambo hayo mawili yalipokutana, ndipo tukapata chombo tunachokizungumzia leo. Hakijawa kitu cha mzaha. Tangu mwaka 2019 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli, UCI, lina mashindano ya dunia ya baiskeli za aina hii.

Mota halisi ya baiskeli hizi haichukui nafasi ya miguu. Imejengwa kwenye krenki, pale pedali zinapozunguka, na ina kihisi kinachopima jinsi unavyokanyaga. Ukikanyaga kwa nguvu, nayo husukuma kwa nguvu. Ukiacha, nayo huacha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria inaitambua kuwa baiskeli iwapo mota haizidi wati 250 za nguvu ya kudumu na msaada wake unakatika baiskeli ifikapo kilomita 25 kwa saa. Marekani majimbo mengi yameweka madaraja matatu, na kikomo cha juu ni wati 750. Chombo chenye mkono wa kuongeza kasi kama ule wa bodaboda, kinachokwenda bila mtu kukanyaga, ni jamii nyingine, hata kikiwa na pedali za urembo. Tunawaomba mshike tofauti hiyo, maana wauzaji wengi huziita zote kwa jina moja.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Hesabu haina dalali.

Chukua mtu mwenye uzito wa kilo 80 na kilima cha kupanda mita 300 kwenda juu. Baiskeli nzuri ya milimani isiyo na mota ina uzito wa kilo 14 hivi. Yenye mota kamili na betri kubwa huwa kati ya kilo 20 na 25, nasi tuseme 24. Mtu wa kawaida mwenye afya, asiye mwanariadha, anaweza kutoa wati 150 kwa muda wa kilima hicho ikiwa atajitahidi. Kwa baiskeli ya kilo 14, kazi ya kuinua uzito ule peke yake itamchukua dakika 31. Kwa baiskeli yenye mota, mtu huyohuyo akitoa wati 100 tu, yaani akiwa bado anaweza kuzungumza na mwenzake, na mota ikiongeza 250, atafika baada ya dakika 15. Nusu ya muda, na jasho pungufu. Hakuna maneno ya muuzaji yanayoweza kuipamba hesabu hiyo zaidi ya ilivyo.

Lakini endeleeni nasi. Betri ikiisha chini ya kilima, mtu yule wa wati 150 atapanda kwa dakika 34. Dakika tatu tu zaidi! Wengi hushangaa, kwa sababu wamesikia kwamba baiskeli ya mota iliyozimika ni jiwe la kusagia. Barabarani si jiwe. Msitu ndio unaoigeuza kuwa jiwe, pale mti ulioanguka unapokutaka uiinue hadi kifuani, au korongo linapokutaka uibebe begani. Kilo 14 mtu mzima huzibeba. Kilo 24 juu ya mawe yenye utelezi ni kazi ya watu wawili, na tumewaona waliojaribu peke yao wakarudi na vifundo vya miguu vilivyovimba.

Tena kuna jambo ambalo vitabu vya kutoka Ulaya havilitilii uzito, nalo linatuhusu sana sisi wa nyanda za juu. Mota ya umeme haivuti pumzi. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko kanieneo ya hewa ni robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Mapafu ya mgeni hulipa gharama hiyo mara moja, mota hailipi kitu. Kwa hiyo mtu anayetoka pwani kuja kuendesha milima ya Ngong au ukingo wa Bonde la Ufa atauona msaada wa mota kuwa mkubwa kuliko alivyouona nyumbani. Mwenyeji wa Iten huenda asiuone kabisa, lakini wenyeji wa Iten tusiwafanye kipimo cha binadamu wa kawaida.

Kabla ya kuandaa mazungumzo haya, wenzetu wawili wa ofisini walikwenda na baiskeli mbili za kuazima katika Hifadhi ya Hell's Gate, mojawapo ya hifadhi chache ambamo mtu anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia. Mmoja ana miaka 29 na hucheza mpira kila Jumamosi. Mwingine amekaribia kustaafu na hatutasema anacheza nini. Kijana alichukua baiskeli ya miguu, mkubwa wake akachukua yenye mota. Kwenye barabara tambarare kutoka lango la Elsa kuelekea korongo la Ol Njorowa, kijana alimwacha mwenzake, kwa kuwa mota ilikuwa ikikatika kila walipofika kilomita 25 kwa saa, na kuanzia hapo mzee alibaki anasukuma kilo kumi za ziada kwa miguu yake mwenyewe. Walipogeukia vilima, kwenye majivu laini ya volkeno, mambo yalipinduka. Kijana alishuka akasukuma. Mzee alipita akimsalimia kwa heshima zote. Baadaye kidogo gurudumu la nyuma la baiskeli ya mzee likazama katika majivu, mota ikalizungusha papo hapo, na baiskeli ikasimama ikichimba. Walitembea wote wawili.

Tunawasimulia haya kwa sababu mota huzidisha ulichonacho, na kama huna mshiko wa tairi, itakuzidishia utelezi. Kwenye mchanga na matope fundisho la kwanza ni kupunguza kiwango cha msaada, kinyume na kidole kinavyotaka kufanya.

Kushuka nako kuna hesabu yake. Uzito unaozidi kwa asilimia kumi na moja hudai breki zitoe joto zaidi kwa kiasi hichohicho ili baiskeli ibaki katika mwendo uleule. Kwa hiyo anayenunua baiskeli yenye mota atazame diski za breki: zile za milimita 160, zinazotosha baiskeli nyepesi, hazitoshi hapa. Tafuta za milimita 200 au karibu na hapo, na kalipa zenye pistoni nne. Uzito huo una wema wake pia. Ukiwa chini na katikati, baiskeli hutulia juu ya mawe madogo na haimrushi mtu ovyo. Lakini anayependa kuruka, kucheza na baiskeli na kuigeuza kwa kiuno, atajiona amefungwa gunia.

Tumefika kwenye betri. Hapa tunaomba masikio yenu yote, kwa kuwa kinachoitwa bei ya baiskeli ya umeme, kwa sehemu kubwa, ni bei ya betri inayozeeka.

Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa. Betri za baiskeli za milimani huwa na wati-saa 500 hadi 800. Zile nyepesi zina 300 na kitu. Tukirudi kwenye kilima chetu cha mita 300, mota itatumia takriban wati-saa 80 ukihesabu na zinazopotea kama joto. Betri ya 500 basi, kwa hesabu ya karatasi, inakupandisha kilima hicho mara sita. Hesabu ya njiani ni ndogo kuliko ya karatasi: matope, mchanga, tairi nene, upepo na baridi ya alfajiri hula sehemu yao, na betri iliyokwisha kutumika miaka mitatu haina tena 500 zilizoandikwa ubavuni. Muuzaji akikwambia inakwenda kilomita mia, muulize: kilomita za wapi? Katika biashara hii pima kwa mita za kupanda.

Umeme wenyewe si gharama. Kuijaza betri ya 500 hakufiki yuniti moja, na kwa watu wa Naivasha ni umeme unaotoka chini ya ardhi hiyohiyo mnayoiendeshea, kule Olkaria. Gharama ni kuchakaa. Watengenezaji wakubwa kwa kawaida huidhamini betri kwa miaka 2 au mara 500 za kuchaji, lolote litangulialo. Betri mpya ya asili ya kiwango cha wati-saa 600 huuzwa Ulaya kwa yuro 700, 800 na kuendelea, kabla ya usafiri na ushuru. Gawa yuro 800 kwa mara 500, utaona kwamba kila unapochomeka chaja umetumia yuro 1.6 ya betri. Betri ikidumu mara elfu moja, na zipo zinazodumu, gharama inashuka kwa nusu. Mwenye baiskeli ya miguu hana hesabu hii. Ana hesabu ya chai na chapati.

Kisha kuna suala la kuipata. Wengi wenu mna ndugu Ulaya, Marekani au Ghuba, na mmezoea kumwambia mtu, "Ukija, niletee." Baiskeli anaweza kuja nayo. Betri hawezi. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinamruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 lazima apate idhini ya shirika la ndege. Zaidi ya 160 hairuhusiwi katika ndege ya abiria, iwe mkononi au katika mizigo. Betri ya baiskeli yenye 500 ni sawa na betri za simu ishirini na tano zikiwa pamoja. Itaachwa uwanjani, na ndugu yako atasikitika kuliko wewe. Njia halali ni shehena, ambako nako betri huhesabiwa mzigo wa hatari, na wakala anapaswa kuiandika hivyo. Anayeahidi kuipitisha kimyakimya ndani ya marobota ya mitumba anahatarisha meli na watu waliomo.

Neno hatari hatulitumii kama pambo. Miji mikubwa imepata vilio kutokana na betri za baiskeli na pikipiki za umeme zilizolipuka usiku ndani ya nyumba. Jiji la New York, baada ya moto mwingi wenye vifo, lilipiga marufuku kuanzia Septemba 2023 kuuza baiskeli za umeme ambazo mfumo wake wa umeme haujathibitishwa kwa kiwango cha UL 2849, na betri zisizo na kiwango cha UL 2271. Ulaya kiwango cha baiskeli yenyewe ni EN 15194. Tafuteni maandishi hayo kwenye fremu na kwenye betri, na mkague kama kuna alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS. Alama inaweza kuigwa, tunajua. Lakini bidhaa isiyo na alama yoyote imekwisha kujieleza yenyewe.

Nyumbani, tumieni chaja iliyokuja na betri hiyo na si nyingine inayofanana nayo. Chaja iliyotoka Marekani ikaguliwe kama imeandikwa kwamba inakubali volti 100 hadi 240, kwa kuwa ya volti 110 pekee itaungua kwenye soketi zetu. Msichaji usiku mkiwa mmelala, wala msichaji kwenye ukumbi mwembamba au karibu na mlango ambao ndio njia pekee ya kutokea. Betri iliyoanguka juu ya jiwe, iliyovimba, inayonuka au inayopata joto bila kutumika isichajiwe tena. Iwekwe nje, mbali na nyumba, mpaka ipate wa kuipokea. Ikishika moto, tokeni, fungeni mlango nyuma yenu, na mpige 999 au 112. Tumekuta nyumba ambamo betri ya baiskeli huchajiwa chini ya kitanda cha mtoto kwa kuhofia wezi. Tunauelewa woga wa wezi. Bado tunasema iondoeni leo.

Usiioshe kwa mashine ya maji ya nguvu ya pale wanapooshea matatu. Ndoo, kitambaa na brashi vinatosha.

Fundi ni suala linalofuata, na hapa baiskeli ya miguu inashinda bila ubishi. Kila mji wetu, hata wa barabara moja, una mtu chini ya mti mwenye spana, viraka na beseni la maji ya kutafutia pancha. Mtu huyo anaweza kunyoosha rimu, kubadili spoki, kurekebisha gia na kukuambia habari za mtaa. Shokapu na breki za mafuta zinamtaka fundi aliyejifunza zaidi, lakini wapo. Mota ya krenki haina fundi wa chini ya mti, kwani imefungwa na mtengenezaji, na mara nyingi ikiharibika inabadilishwa nzima. Betri nayo huongea na mota kwa namba za siri, kwa hiyo huwezi kufunga ya kampuni nyingine hata kama inaingia vizuri. Kabla ya kununua, basi, ulizeni wakala wa mota hiyo yuko mji gani. Siyo wakala wa baiskeli, wa mota. Jibu likiwa ni la nje ya nchi, hesabuni kwamba mnanunua chombo cha kutumika mpaka siku ya hitilafu ya kwanza. Na hata mota ikiwa nzima, nguvu yake hupita kwenye cheni na meno ya gia, ambavyo huchakaa mapema kuliko kwenye baiskeli ya kawaida. Nunueni cheni ya akiba mapema.

Yako mashaka mengine ambayo tungependa kuyapunguza. Watu husema kwamba mwenye mota hafanyi mazoezi. Chuo Kikuu cha Brigham Young, huko Utah, kiliwapima waendeshaji wazoefu 33 wa baiskeli za milimani wakiendesha njia moja kwa baiskeli za aina zote mbili, na mapigo ya moyo wao kwenye yenye mota yalifikia wastani wa asilimia 94 ya yale ya kwenye baiskeli ya kawaida. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019. Wengi wa watu hao wenyewe walijiona kama hawajitahidi sana. Kwa hiyo mwalimu wetu hakukosea kwa upande wa afya. Husemwa pia kwamba mota huchimbua njia. Uchunguzi mdogo uliofanywa Oregon mwaka 2015 na chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, IMBA, ulikuta kwamba baiskeli ya msaada wa kanyagio ilihamisha udongo kwa kiasi kisichotofautiana sana na cha baiskeli ya kawaida, huku pikipiki ikihamisha mwingi zaidi. Ulikuwa uchunguzi mdogo, wa udongo wa huko. Udongo mwekundu wa Aberdare baada ya mvua za masika hauhitaji mota ili uharibiwe. Tairi yoyote inatosha, na ndiyo sababu tunawasihi muuache ukauke.

Linalobaki gumu ni ruhusa. Baiskeli yenye mota inapanda kwa mwendo ambao mtembea kwa miguu hautarajii kutoka chini ya kilima, na walinzi wengi wa misitu bado hawajaamua ikiwa ni baiskeli au pikipiki. Nchi nyingine zimelitungia kanuni, na hata huko kila msimamizi wa ardhi ana lake. Msikisie. Ulizeni lango la hifadhi au ofisi ya misitu kabla ya siku ya safari, mtaje wati na kikomo cha mwendo, na mkipewa ruhusa mwombe iandikwe. Na wale wanaofungua kikomo cha kilomita 25 kwa kifaa kidogo kinachouzwa mtandaoni wajue kwamba wamepoteza dhamana, na mbele ya mlinzi wamekwisha kujihesabu wenye pikipiki.

Basi nani anunue ipi? Mnatutaka tuseme, nasi hatutajificha nyuma ya maneno ya kiofisi. Kijana mwenye afya na bajeti ndogo, anayeanza mchezo huu, anunue baiskeli ya miguu, yenye shokapu ya mbele tu na breki nzuri. Itamfundisha kuchagua mstari wa kupita na kutunza pumzi, na fundi wake yuko karibu. Fedha ambazo zingenunua baiskeli duni ya mota zitanunua baiskeli bora ya miguu, kofia ya chuma cha plastiki isiyo ya kuazima, na bado chenji itabaki. Mtu mzima mwenye magoti au moyo unaomtaka ajipime, mke na mume wasiolingana kasi, kiongozi wa watalii anayepanda kilima kilekile kila siku, hao mota inawafaa kwelikweli, nasi tusiwaonee haya. Wanunue mpya, au iliyotumika yenye kumbukumbu za betri, na wakala wa mota awe katika nchi hii. Katikati yao kuna baiskeli nyepesi zenye mota ndogo, za kilo 16 hadi 19, zinazosaidia bila kumaliza kilima. Sisi tunazipenda kuliko zile nzito kwa vijia vyetu vya kubebea baiskeli begani, ila bei yake huwa ya juu. Tunalosita kulipendekeza kwa yeyote ni baiskeli ya bei ya kutupa yenye mota isiyo na jina na betri isiyo na alama. Hiyo ni mbuzi wa kwenye gunia, na gunia lenyewe linawaka moto.

Unaponunua iliyotumika, nenda na rafiki, na uombe kupanda nayo kilima halisi, si kuzunguka uwanja wa duka. Panda mpaka betri ipungue nusu, ukitazama ilivyopungua. Zima mota kabisa upande tena, ili ujue siku ya shida itakuwaje. Iinue. Katika mifumo mingi mtu mwenye programu ya wakala anaweza kusoma betri imechajiwa mara ngapi na uwezo wake umebaki kiasi gani. Lipia huduma hiyo kabla ya kulipia baiskeli. Uliza ufunguo wa kufuli la betri, na akaunti ya simu iliyosajiliwa ifutwe mbele yako, maana baadhi ya mifumo hufungwa na mwenyewe wa kwanza hata akiwa Ulaya. Linganisha namba ya fremu na iliyo kwenye hati, kwani baiskeli hizi huibwa sana.

Kisha risiti. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nazo, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 imeweka njia za kudai. Lakini anayedai huulizwa alinunua nini. Risiti iandikwe chapa na mwaka wa baiskeli, namba ya fremu, chapa na namba ya mota, namba na wati-saa za betri, kama ni mpya au imetumika, muda wa dhamana kwa kila kimoja, na nani atakayetengeneza. Muuzaji akisema karatasi haitoshi, mpe nyingine.

Mzee mmoja mbele hapa ameuliza, kabla hatujaanza, kama itambidi aiuze baiskeli yake ya chuma ya zamani. Tumeitazama. Cheni inataka mafuta na breki ya nyuma inataka raba mpya. Zaidi ya hapo haidai kitu. Nje, chini ya mpera, tumeweka mizani ya soko iliyopimwa na kupigwa muhuri mwezi uliopita, ndoano yake ikiwa juu. Waliokuja na baiskeli wazilete moja moja tuzipime, za mota kwa za miguu, na waliokuja na risiti wapite kwanza kwenye meza ya mkono wa kushoto.